Tindo ni kali, mbona inakwama na kuteleza?

Swali: "Kwa miezi minne sasa ninajifunza peke yangu kutia nakshi kwa mkono kwenye mabamba ya shaba nyekundu. Nilinunua tindo mbili mpya za nakshi, zile za mraba, nikazinoa kwenye kinoo hadi zikawa zinanyoa malaika ya mkono. Hata hivyo, kila nikianza mstari ncha huzama na kukwama, na nikiilegeza huteleza na kuacha mkwaruzo mrefu bambani. Mistari iliyonyooka naipata kwa taabu, na ile ya kupinda hutoka ikiwa na makovu upande wa nje. Ncha nimezivunja mara nyingi mno. Rafiki yangu ananishauri ninunue mashine inayosukuma tindo kwa hewa, na mimi mwenyewe nimeanza kuamini kwamba mkono wangu hauna kipaji cha kazi hii. Nifanye nini?"

Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja: moja linahusu tindo, jingine linahusu wewe. Nitaanza na hilo la pili kwa kuwa ndilo linalokukatisha tamaa. Katika yote uliyoyaeleza sioni hata dalili moja ya mkono usiofaa. Ncha kuzama, tindo kuteleza, makovu ya nje kwenye mistari ya kupinda na ncha kuvunjika kila mara ni dalili nne za ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo uko kwenye chuma unachokishika. Mchongaji mwenye uzoefu wa miaka mingi akipewa tindo zako kama zilivyo, naye atakwama na kuteleza. Atakachokuzidi ni kwamba baada ya mistari miwili ataiweka tindo chini na kwenda kwenye kinoo.

Najua utauliza mbona tindo ni kali. Hapa ndipo lilipo kosa la wengi wanaojifunza wenyewe, nami nililifanya pia: tunadhani kunoa ni kutafuta makali tu. Kunyoa malaika kunathibitisha jambo moja, kwamba nyuso mbili za chuma zimekutana katika ukingo mwembamba usio na kasoro kubwa. Hakukwambii nyuso hizo zimekutana kwa pembe gani, wala chini ya ncha kuna nini. Wembe unanyoa vizuri kuliko tindo yoyote duniani, lakini huwezi kuchimba nao mfuo kwenye shaba. Tindo ya nakshi inahitaji makali, na kabla ya makali inahitaji umbo.

Tindo inapotoka dukani huwa haijakamilika. Ni kipande cha feleji kilichopewa umbo la jumla, na mnunuzi ndiye anayetarajiwa kukimalizia. Ishike yako mbele ya macho, kona moja ikitazama chini. Kule mbele utaona uso, yaani ule mkato wa mshazari wenye umbo la uru la karata. Chini ya uso kuna pande mbili zinazokutana katika kona moja inayotoka nchani kurudi nyuma. Kona hiyo naiita mkuku, kwa sababu kazi yake ni ileile ya mkuku wa jahazi, kushika njia. Sasa tazama kwa lenzi: bila shaka mkuku wa tindo yako umenyooka sambamba na shina zima, tangu nyuma hadi nchani, au una kipande kidogo kilichosuguliwa ovyo ulipokuwa ukinoa. Hapo ndipo penye tatizo.

Ili ncha ya namna hiyo ikate mfuo wa kina kidogo, ingebidi ulaze shina lote juu ya bamba, jambo lisilowezekana kwa sababu mpini na vidole vyako vinahitaji nafasi. Kwa hiyo unainua mpini. Unapouinua, ncha inaelekea chini, na nyuma yake hakuna chochote kinachoizuia isiendelee kushuka, hata nguvu unayodhani unaisukuma mbele inageuka kuwa nguvu ya kuizamisha. Shaba inajikusanya mbele ya uso, tindo inakwama, nawe unaongeza nguvu. Kisha ama ncha inavunjika, ama shaba inaachia kwa ghafla na tindo inaruka na nguvu zote ulizokuwa umezilimbikiza begani. Unaona basi kwamba kukwama na kuteleza, unakokueleza kama matatizo mawili, ni tukio moja lenye nusu mbili.

Dawa yake ni kisigino. Kisigino ni vijiuso viwili vidogo sana vinavyosuguliwa chini ya ncha, kimoja kila upande wa mkuku, ili unapoinua mpini kwa nyuzi 15 hadi 20 mstari vijiuso hivyo vinapokutana ulale sambamba na bamba. Ncha inapokata, kisigino kinafuata ndani ya mfuo uliokwisha kukatwa na kuketi humo, kikiibeba ncha isizame. Ukiinua mkono kidogo sana, mfuo unakwenda chini na kupanuka; ukiushusha, mfuo unapungua hadi tindo inatoka yenyewe kwa utulivu. Ule mstari unaoanza kama unywele, ukanenepa katikati na kuishia tena kama unywele, ambao ndio uzuri wote wa nakshi ya mkono, hupatikana kwa mwendo huo mdogo wa kupanda na kushuka. Bila kisigino mwendo huo hauna kitu cha kuegemea.

Urefu wa kisigino ndio unaoeleza yale makovu. Kisigino kimenyooka, na mfuo wa kupinda haukunyooka. Kikiwa kirefu, mwisho wake wa nyuma hauwezi kufuata mpindo na hukwaruza ukingo wa nje, kama mtumbwi mrefu unavyogonga ukingo kwenye kona ya mto mwembamba. Kwa kazi ya kawaida, kisigino cha karibu milimita 0.5 kinatosha. Kwa mipindo mikali nashuka hadi 0.3 au hata 0.2. Ukikifupisha kupita hapo, tindo inapoteza utulivu na mistari iliyonyooka inaanza kutetemeka, kwa hiyo usiende mbali kwa sababu tu ufupi ulikusaidia mara ya kwanza. Mimi nilihangaika majuma kadhaa na mapambo ya majani yenye makovu ya namna hiyohiyo, nikiamini nageuza bamba vibaya, hadi mwalimu mmoja alipoitazama tindo yangu na kukuta kisigino cha karibu milimita 2. Alisugua uso kurudi nyuma kwa dakika moja hivi, akanirudishia bila kusema neno, na mpindo uliofuata ukatoka safi pande zote mbili.

Kuhusu ncha kuvunjika, angalia pembe ya uso. Kwa shaba na fedha, uso unaokatwa kwa nyuzi 45 kutoka kwenye shina ni mahali pazuri pa kuanzia. Wanaonoa kwa mkono bila kifaa huelekea kulaza tindo zaidi na zaidi, wakafika nyuzi 35 au 30 bila kujua. Ncha hiyo huingia kwenye shaba kwa urahisi, lakini ni nyembamba mno na humeguka ukiigeuza kidogo tu. Kwa chuma kigumu zaidi, au kwa tindo ya karbidi ya tangsteni, ambayo ni ngumu sana lakini hupasuka upesi, nenda nyuzi 50 hadi 55. Uso uliosimama zaidi unahitaji msukumo mkubwa zaidi, na hiyo ndiyo bei ya ncha imara. Iko pia sababu ya pili, nayo ni mazoea: tindo inapokwama, wengi huinyanyua juu kama mtu anayeng'oa msumari. Usifanye hivyo kamwe. Irudishe nyuma kwa njia ileile iliyoingilia.

Sasa tuinoe upya. Sikushauri unoe kwa mkono mtupu, kwa sababu mkono huyumba, na kila ukiyumba kijiuso kinakuwa mviringo badala ya kuwa bapa. Vipo vishikizo vyenye mizani ya nyuzi ambavyo hufanya kazi hii kwa uhakika, na ukiweza kupata kimoja, hicho ndicho kifaa ningekinunua kabla ya mashine yoyote. Usipokipata, kata kipande cha mbao ngumu chenye mshazari wa nyuzi 45 na mfereji wa kulazia shina, ukitumie kusugulia uso. Kwa kisigino, kipimo rahisi ni cha urefu. Laza upande mmoja wa chini wa tindo juu ya kinoo, kisha uinue mwisho wa nyuma. Ikiwa kutoka nchani hadi mahali unapoegemeza ni milimita 100, kigingi cha milimita 19 kitakupa mkuku ulioinuka karibu nyuzi 15, na cha milimita 26 kitakupa karibu nyuzi 20. Ukipima upande wenyewe utaona umeinuka pungufu ya hapo, nyuzi 11 na nyuzi 15. Usishangae, kwa maana pande mbili zinapokutana kwenye kona ya tindo ya mraba, mstari wa makutano huinuka zaidi ya kila upande peke yake.

Anza na uso. Kinoo cha almasi cha namba 600 kinaondoa chuma haraka, na cha 1200 kinasafisha mikwaruzo. Uso ukishakuwa bapa na safi, geukia kisigino, na hapa ninakuomba uwe na mkono mwepesi kuliko unavyodhani inafaa: misuguo miwili au mitatu kwenye kinoo laini upande mmoja, kisha idadi ileile upande wa pili. Simama utazame kwa lenzi. Vijiuso viwe na urefu sawa, kwa sababu kimoja kikizidi, tindo itavuta upande mmoja nawe utadhani ni mkono wako unaopinda. Kisigino kikiwa kirefu mno hukifupishi kwa kukisugua chenyewe, kwani hapo ndipo kinapozidi kurefuka. Unasugua uso kurudi nyuma, nacho kinapungua. Ncha ikivunjika unafanya vivyo hivyo: uso kwanza hadi jeraha liishe, kisha kisigino. Ukiona uso ni mpana na unachukua muda mrefu kunolewa, sugua sehemu ya juu ya tindo ili ubaki uso mdogo karibu na ncha. Utanoa upesi zaidi, na utaiona ncha vizuri unapochonga.

Mwisho ni kung'arisha kisigino kwa unga wa almasi ulio laini kabisa, wa mikroni 1 au chini ya hapo, juu ya sahani ngumu ya kauri au chuma. Hatua hii wengi huiruka, nami naipenda kuliko zote. Kisigino hupita ndani ya mfuo kikiukandamiza, hivyo chochote kilichomo juu yake hujichapa kwenye kuta za mfuo. Mikwaruzo ya kinoo huacha mfuo uliofifia, na kisigino kinachong'aa kama kioo huacha mfuo unaomeremeta, hasa kwenye fedha. Usitumie ngozi laini kwa kubonyeza, kwa sababu ngozi huzama na kuizungusha ncha, na makali uliyoyatafuta yanapotea papo hapo.

Angalizo moja kuhusu joto, ikiwa utatumia kinoo cha mota. Tindo ya chuma cha kaboni ikipata rangi ya manjano ya majani makavu imefika kama digrii 220, na ikiwa buluu imefika kama digrii 300. Ugumu wa sehemu iliyogeuka buluu umepungua, na hakuna kunoa kutakakoirudishia. Ichovye majini kila baada ya sekunde chache, na sehemu iliyogeuka buluu iondoe yote. Chuma cha kasi, kile kinachotengenezewa vichwa vya kekee, huvumilia joto kubwa zaidi bila kulainika. Karbidi inoe kwa almasi, na usiichovye majini ikiwa ya moto, kwa maana hupasuka.

Badala ya kunyoa malaika, jaribu makali kwa njia mbili. Weka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, shina likiwa limelala, uisukume bila kubonyeza hata kidogo: ikishika ukucha ni kali, ikiteleza bado. Kisha ielekeze ncha kwenye taa na uitazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Ncha kamili hairudishi mwanga. Ukiona kinukta cheupe kinachong'aa mahali pande zinapokutana, hicho ni kijiuso kilichovunjika au kulika, hata kama jicho tupu halioni kitu. Ukichonga na kuona ukingo wa mfuo umeinuka kama kijiukuta cha kukwaruza kidole, usiendelee kwa matumaini. Rudi ukanoe. Mchongaji wa kawaida hunoa mara nyingi kwa siku, na hilo halimpunguzii hadhi.

Tindo ikishakuwa sawa, mshiko wako nao utazamwe. Tindo ya nakshi haishikwi kama kalamu. Mpini hukaa kiganjani, kidole cha shahada kikilala kandokando ya shina, na kidole gumba hutua juu ya bamba kikiwa breki. Ncha itokeze mbele ya gumba milimita 15 hadi 20 tu, na kama imezidi, fupisha shina kwa nyuma. Nguvu hutoka kiganjani na kwenye kiwiko kwa utulivu, na katika mpindo mkono wa tindo karibu hausogei: mkono wa pili ndio unaolizungusha bamba kuijia ncha. Kwa hiyo bamba linahitaji kitu kinachozunguka, ama jiliwa la mviringo, ama mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga ambao wachongaji wamekuwa wakiutumia tangu zamani. Mkono unaoshikilia bamba usikae mbele ya ncha, hata kwa mstari mmoja wa haraka, na miwani ya kinga ivaliwe kila mara, kwa kuwa kipande cha ncha iliyovunjika huruka kabla hujakiona.

Niseme pia kidogo kuhusu metali uliyochagua. Shaba nyekundu iliyolainishwa kwa moto ni tamu kwa macho lakini ina unato, hushikamana na uso wa tindo na kumchosha mwanafunzi. Ile iliyokazwa kwa kupitishwa kwenye roli bila kuchomwa tena hukatika kwa usafi zaidi, na tone la mafuta mepesi husaidia. Shaba ya njano, hasa ile yenye risasi kidogo ndani yake, ni mwalimu mzuri kuliko zote kwa sababu hukatika vipande vifupi na kukuonyesha kosa lako waziwazi. Nawa mikono ukimaliza kuifanyia kazi. Chuma cha pua kisichoshika kutu kiache kwa sasa, kwani hugumuka mahali unapokigusa na kuzimaliza ncha zako.

Rafiki yako si mkosa kuhusu mashine, ila ameiwahisha. Mashine ya hewa hupiga tindo kwa vipigo vidogo vya haraka, hivyo hupunguza msukumo unaohitajika, na kwa anayechonga chuma kigumu, anayechimba mifuo ya kina, au mwenye viganja vinavyouma, ni msaada wa kweli ambao nisingemnyima. Lakini haina macho ya kuona kisigino. Ukiipa tindo isiyo na kisigino itazama na kukwama kama inavyokwama sasa, kwa kasi zaidi. Nyundo ndogo na tindo ya kugongwa ni njia nyingine, nayo hukuruhusu kukata chuma kigumu kwa gharama ndogo, ingawa kuizoea huchukua muda wake. Maoni yangu ni kwamba usubiri hadi uweze kukata safu kumi za mistari sambamba, mmoja kila milimita 1, bila tindo kuteleza. Ukiwa hapo utajua mwenyewe kama unachokihitaji ni nguvu.

Ukishaisahihisha tindo kama nilivyoeleza, ukachonga bamba tatu au nne na hali isibadilike, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana, hata kwa saa mbili. Sonara anayechonga mwenyewe atafaa. Mpelekee tindo na bamba pamoja, na umruhusu achonge kwa tindo yako. Akikwama yeye, kosa ni la tindo. Asipokwama, atazame mkono wako ukifanya kazi, kwani hilo siwezi kuliona kwa maandishi. Mambo mengine ni ya daktari na hayasubiri. Ganzi au kuchomachoma kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, kunaweza kumaanisha mshipa wa fahamu unabanwa kifundoni mwa mkono, na kuendelea kusukuma tindo huzidisha. Ncha ikikudunga kiganjani kwa kina, enda ukasafishwe jeraha na uulizie chanjo ya pepopunda. Kipande kikiingia jichoni usilisugue jicho, nenda kituo cha afya mara moja.

Kwa kuwa unazo tindo mbili, noa moja tu kwa namna hii na uiache nyingine kama ilivyo. Kata mstari mmoja kwa ile ya zamani na mmoja kandokando yake kwa ile yenye kisigino. Kwenye ule wa pili utaona uzi mwembamba wa shaba ukijikunja taratibu mbele ya uso wa tindo, bila kukatikakatika, na utasikia mkononi mvutano ulio sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Ukishausikia mvutano huo mara moja, utautambua kila unapokosekana, na hapo ndipo unoe ile ya pili.